Michezo ya Wanyama: Furaha ya Mtu na Haki ya Mnyama

Katika nchi ya Machakos hapana mtu asiyeishi karibu na mnyama. Ng'ombe huvuta jembe, punda hubeba maji na magunia, mbuzi huuzwa ili karo ya shule ilipwe, na mbwa hulinda boma usiku. Kwa hiyo si ajabu watu kutaka kujua ni mnyama wa nani aliye na nguvu zaidi, na wa nani aliye na mbio zaidi. Vijana wawili wakikutana kisimani na punda wao, hazipiti siku nyingi kabla hawajashindana. Huo ndio mwanzo wa kila mchezo wa wanyama duniani, tangu mashindano ya watoto wa kisimani mpaka mbio kubwa za farasi ambazo wafalme huenda kuzitazama.

Lakini liko swali ambalo watu wenye busara wamejiuliza kwa muda mrefu. Je, ni haki mtu kujifurahisha kwa nguvu na jasho la mnyama ambaye hakuulizwa kama anataka kucheza? Wako wajibuo upesi kwamba mnyama ni mnyama tu, na mwenye mali ana ruhusa kuitumia mali yake apendavyo. Wako wengine watakao michezo yote ya wanyama ikomeshwe leo. Makala haya yataeleza jinsi michezo hiyo ilivyo, kwa nini watu huipenda, mahali inapodhuru, na kipimo ambacho mtu wa kawaida aweza kukitumia ili kutenga mchezo mwema na ukatili.

MCHEZO WA KUFUKUZA SIMBA

Tuanze nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mbuga za Kapiti na Athi, zilizo chini ya vilima vya Machakos, zilisifika mbali kwa mchezo mmoja wa hatari. Wazungu waliokuwa na mashamba sehemu zile walimfukuza simba kwa farasi mpaka simba akachoka, akageuka na kusimama kuwakabili adui zake. Hapo mpanda farasi alishuka, akampiga bunduki.

Mmoja wa watu waliojulikana kwa mchezo huo alikuwa Sir Alfred Pease, mwenye shamba la Kitanga. Mwezi wa Aprili 1909 alimpokea mgeni mkubwa, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Roosevelt alishuka katika kituo cha reli cha Kapiti, akaanza safari ya uwindaji iliyochukua karibu mwaka mzima. Yeye na mwanawe Kermit waliandika hesabu ya wanyama 512 waliowapiga. Wengi wa wanyama hao walipelekwa katika makumbusho ya Washington, lakini Roosevelt hakuficha kwamba aliupenda pia uwindaji wenyewe.

Mwaka 1911 mtu mwingine, George Grey, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliufuata mchezo uo huo katika mbuga hizo. Alimkaribia simba kupita kiasi. Simba akamrukia, akamrarua. Wenzake walifaulu kumwua simba, lakini Grey alifariki Nairobi siku chache baadaye.

Habari hizi zatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu huuvutiwa mno na hatari. Grey hakuwa na njaa, wala simba yule hakuwa ameingia katika boma lake. Alikwenda kwa sababu moyo wake ulipenda kupimwa. La pili ni kwamba katika mchezo ule mtu alikuja kwa hiari yake, bali simba hakuja kwa hiari. Mtu alipokufa aliliwa machozi. Simba alipokufa alitiwa katika hesabu. Ni tofauti hiyo ambayo inalifanya swali letu kuwa gumu.

Mchezo huo sasa umekwisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Sehemu ya mbuga zile zile ni shamba la utafiti la Kapiti, lenye hekta zipatazo 13,000, ambalo ni mali ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iitwayo ILRI. Huko wataalamu huchunguza ng'ombe, kondoo na malisho, na wanyama wa porini hupita kati yao.

KWA NINI WATU HUVUTIWA

Tusiseme haraka kwamba apendaye michezo ya wanyama ana moyo mbaya. Ziko sababu nyingi za mvuto huo, na nyingine ni njema.

Sababu ya kwanza ni uzuri. Farasi wa mbio akikimbia kwa nguvu zake zote huenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mwili wake huwa na uzito wa kilo 450 au zaidi. Kumwona mnyama mkubwa hivyo akipita kama upepo ni jambo la kustaajabisha, hata kwa mtu ambaye hajaweka dau lolote.

Sababu ya pili ni fahari ya mfugaji. Mtu anayemlea mnyama tangu utoto wake, akimwamkia alfajiri na kumganga augualapo, hufurahi watu wanapomsifu mnyama huyo. Watu wa Machakos walijua jambo hilo kabla ya farasi kufika. Ng'ombe kwao hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari, akiba ya siku ya njaa, na heshima ya nyumba. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipoanza kuwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, ikisema kwamba ardhi inaharibika, watu kwa maelfu walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kudai haki yao. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwalazimisha watu. Mtu hawezi kuyaelewa mambo hayo kama hajui jinsi mfugaji anavyofungamana na mnyama wake.

Sababu ya tatu ni mkutano wa watu. Penye mashindano huja ngoma, vyakula, jamaa wa mbali na habari mpya. Na sababu ya nne ni fedha. Hiyo ndiyo iharibuyo zote tatu zilizotangulia, kama tutakavyoona.

MBIO ZA FARASI NAIROBI

Mbio za farasi zilianza Kenya miaka ya kwanza ya karne ya 20, na uwanja wa zamani ulikuwa karibu na Kariokor. Barabara iitwayo Race Course ingali pale Nairobi, ukumbusho wa uwanja huo. Mwaka 1954 mbio zilihamishwa katika uwanja mpya wa barabara ya Ngong, na huko ndiko ziendeshwako hata leo chini ya chama kiitwacho Jockey Club of Kenya. Zamani waliokaa jukwaani walikuwa Wazungu, na Waafrika walikuwa wasaisi, yaani watunza farasi. Siku hizi watu wa kila kabila huingia uwanjani, na wapanda farasi wengi ni Waafrika.

Farasi wa mbio ni wa ukoo maalumu. Baba wa ukoo huo ni madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka nchi za mashariki katika karne ya 17 na ya 18. Tangu hapo majina ya wazazi na watoto yameandikwa katika vitabu, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo sababu ya farasi hao kuuzwa kwa bei kubwa. Zile mbio mashuhuri ziitwazo Derby zilianza Epsom, Uingereza, mwaka 1780, na nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zina Derby zao.

Ili mbio zisiwe za mshindi mmoja siku zote, wakuu wa mchezo hutumia mizani. Farasi aliyekwisha kushinda mara nyingi hutiwa vipande vya risasi katika tandiko lake ili abebe uzito zaidi, na aliye dhaifu hubeba uzito kidogo. Ndiyo maana mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio na baada ya mbio. Akipungua uzito uliowekwa, ushindi wake waweza kufutwa.

Kazi kubwa, hata hivyo, haifanyiki siku ya mbio. Hufanyika alfajiri, wakati saisi anapomtoa farasi zizini, akamtazama miguu, akamsugua, akamlisha na kumtembeza. Farasi hupewa chakula kwa kipimo, hutazamwa na daktari wa wanyama, na kwato zake hutiwa viatu vipya. Mtu akiuliza kama farasi wa mbio hupendwa, jibu ni ndiyo. Farasi wengi wa mbio hulala pazuri kuliko watu wengi.

UPANDE USIOONEKANA JUKWAANI

Hata hivyo yako mambo ambayo mtazamaji hayaoni. La kwanza ni mguu. Miguu ya farasi ni myembamba kwa mwili wake mkubwa, na anapokimbia, kuna wakati uzito wote hutua juu ya mguu mmoja. Mfupa ukivunjika ni vigumu kuuponya, kwa sababu farasi hawezi kulala kitandani wiki nyingi kama mtu. Hana budi kusimama, na akitegemea miguu mitatu, hiyo nayo huugua. Kwa hiyo farasi aliyevunjika vibaya huuawa ili asiteseke.

La pili ni umri. Katika nchi nyingi farasi huanza kushindana akiwa na miaka miwili, kabla mifupa yake haijakomaa kabisa. Sababu ni fedha, kwani mwenye farasi hataki kulisha miaka mingi bila kupata kitu.

La tatu ni mjeledi. Wapanda farasi husema kwamba mjeledi husaidia kumwongoza farasi. Lakini Norway ilikataza tangu mwaka 1982 kumpiga farasi ili aongeze mbio, na mbio za huko hazikufa. Uingereza nayo imepunguza idadi ya mapigo kidogo kidogo. Tangu mwaka 2023 mpanda farasi haruhusiwi kumpiga farasi zaidi ya mara 6 katika mbio za uwanja tambarare, au mara 7 katika mbio za kuruka viunzi. Akizidisha huadhibiwa. Na katika mbio kuu za kuruka viunzi ziitwazo Grand National, idadi ya farasi ilipunguzwa kutoka 40 mpaka 34 mwaka 2024 ili wasigongane na kuanguka.

La nne ni mwisho wa maisha ya farasi. Farasi huweza kuishi zaidi ya miaka 25, lakini siku zake za mbio ni chache. Mwenye farasi aliye mwema humtafutia mahali pa kustarehe au kazi nyepesi. Asiye mwema humsahau. Ukitaka kujua kama mchezo ni wa haki, usitazame mshindi akivishwa shada. Uliza yuko wapi farasi aliyeshindwa miaka mitano iliyopita.

HESABU YA KAMARI

Sasa tuseme habari ya fedha. Watu wengi hudhani kwamba ajuaye farasi vizuri aweza kutajirika kwa dau. Yafaa hesabu ieleweke. Mwaka 1867 mtu mmoja, Joseph Oller, alibuni njia ya kuchanga madau yote katika kapu moja. Mathalani watu 100 wanaweka shilingi 100 kila mmoja. Jumla ni shilingi 10,000. Kabla ya kugawanya, wenye mchezo huondoa sehemu yao na kodi. Tuseme kwa mfano shilingi 2,000. Zinabaki 8,000, nazo hugawanywa kwa wale tu waliomchagua mshindi.

Msomaji ataona kwamba watu wale 100, wakitazamwa pamoja, walifika na 10,000, wakaondoka na 8,000. Mmoja aweza kupata, lakini kundi zima hupoteza kila mara, na wakirudia kila wiki hupoteza kila wiki. Hapana ujuzi wa farasi uwezao kuibadili hesabu hiyo kwa watu wote. Siku hizi kijana hahitaji hata kusafiri mpaka Ngong. Dau laweza kuwekwa kwa simu akiwa shambani. Karo ya mtoto inayopotea hivyo haiumizi farasi, lakini inaumiza nyumba.

Tena kamari humwumiza na mnyama. Fedha nyingi zikiwekwa juu ya mgongo wake, mwenye mnyama hushawishika kumchezesha akiwa mgonjwa, kumpa dawa za kuficha maumivu, au kumpiga kupita kiasi. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Katika michezo mingi ya wanyama kunguru ni yule ashikaye kapu la fedha.

PUNDA, NGAMIA NA MAFAHALI

Afrika ya Mashariki ina michezo mingine, na kila mmoja una somo lake.

Lamu, mji ule ule alikohamishiwa Muindi Mbingu, ni mji wa punda. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mizigo mingi hubebwa na punda. Wakati wa sikukuu vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, na mshindi huwa mtu mashuhuri mtaani. Mwaka 1987 shirika liitwalo Donkey Sanctuary lilianza kazi ya kuwaganga punda wa mji huo, na limekuwa likifanya mashindano ya namna nyingine, ambamo hupewa zawadi mtu aliye na punda mwenye afya njema na asiye na vidonda. Huo ni mfano mzuri. Heshima ile ile waitakayo watu hutolewa kwa kumtunza mnyama, wala si kwa kumshinda.

Huko Maralal, nchi ya Wasamburu, mbio za ngamia zilianzishwa mwaka 1990, na zimeleta wageni na biashara katika nchi kavu. Lakini katika nchi za Ghuba mbio za ngamia ziliwahi kuleta aibu kubwa. Ili ngamia abebe uzito mdogo, watoto wadogo waliletwa kutoka Pakistani, Bangladeshi, Sudani na Mauritania, wakafungwa juu ya ngamia, na wengine waliumia vibaya. Dunia ilipopiga kelele, Falme za Kiarabu na Qatar zilikataza jambo hilo mwaka 2005, na watoto zaidi ya 1,000 wakasaidiwa kurudi kwao. Badala ya watoto kulitengenezwa vyombo vidogo vya umeme, ambavyo mwenye ngamia huviongoza kwa mbali. Mbio hazikufa, ziliendelea. Basi mtu akikuambia kwamba mchezo hauwezekani bila ukatili fulani, mkumbushe habari hiyo.

Katika nchi ya Kakamega, Waisukha na Waidakho wana mchezo wa mafahali. Mwenye fahali humlisha vizuri, na siku ya mchezo huongozwa uwanjani kwa ngoma za isukuti na nyimbo. Mafahali wawili hupambana kwa pembe mpaka mmoja ashindwe na kukimbia. Hapo mchezo umekwisha. Watetezi wake husema kwamba mafahali hupigana hata malishoni bila kuambiwa, na kwamba mchezo huu ni urithi wa babu zao. Wapingao husema kwamba malishoni fahali aliyeshindwa hukimbia mapema, bali uwanjani watu humzunguka na kumchochea. Tena wako wanaolaumiwa kwa kuwapa mafahali pombe au bangi. Pande zote mbili zina neno la kusikilizwa, na wazee wa mchezo wenyewe ndio wawezao kuweka sheria kali kwa wale wanaouharibu.

Kisiwani Pemba upo mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema ulianza zama za Wareno. Fahali hufungwa kamba, na vijana humchezesha kwa nguo, wakionyesha wepesi wao. Tofauti yake na mchezo wa Hispania ni kwamba fahali wa Pemba hauawi uwanjani.

Wala tusidhani kwamba ukatili ni wa taifa moja. Waingereza walikuwa na desturi ya kumfunga fahali na kumwachilia mbwa wamng'ate, na kuwapiganisha majogoo kwa kamari. Mwaka 1822 bunge lao lilitunga sheria ya kwanza ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo, na mwaka 1835 michezo ile miwili ikakatazwa. Siku zile wapenda mchezo walilia kwamba desturi ya mababu inauawa. Leo hapana anayejivunia kwamba babu yake alifungia fahali mbwa.

KIPIMO CHA MASWALI MANNE

Je, mtu afanyeje ili atenge mema na mabaya? Haya ni maswali manne yanayoweza kusaidia.

Kwanza: mnyama hufanya lile ambalo mwili wake umeumbwa kulifanya? Farasi hukimbia, na mbwa hufukuza. Lakini jogoo kufungwa wembe mguuni si tabia yake. Ni tabia ya mtu.

Pili: mnyama aweza kuacha? Punda aliyechoka akaruhusiwa kusimama yumo katika mchezo. Punda aliyechoka akapigwa mpaka afike yumo katika mateso.

Tatu: mnyama humaliza akiwa mzima? Ajali zaweza kutokea hata shambani. Lakini mchezo ambao jeraha au mauti ndiyo shabaha yake hauwezi kuitwa mchezo kwa upande wa mnyama.

Nne: kama fedha zikiondolewa, watu wangali wataka kucheza? Kama jibu ni hapana, basi si mnyama apendwaye pale.

Mtu akitumia maswali hayo ataona kwamba kufukuza simba kwa farasi kunashindwa katika swali la pili na la tatu. Mbio za farasi hupita kwa taabu, na hupita tu pale ambapo umri, mjeledi, dawa na maisha ya uzeeni vimesimamiwa kwa nguvu. Mbio za punda za Lamu hupita kama punda ni mzima na fimbo imewekwa chini. Mapigano ya majogoo hayapiti hata kidogo.

JAMBO HILI LATUHUSU SISI

Huenda msomaji wa Mwala au Kangundo akasema, "Mimi sina farasi; haya yanihusu nini?" Yakuhusu kwa sababu ya punda wako.

Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yaliruhusiwa Kenya, na mojawapo lilikuwa katika nchi ya Machakos. Ngozi zilipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa. Wizi wa punda ukaenea, na wanawake wengi waliopoteza punda wao wakarudi kubeba maji kwa migongo yao. Mwaka 2020 Serikali iliamuru uchinjaji usimame. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote.

Kwa hiyo punda si kitu cha kuchezea ovyo. Punda mmoja akivunjika mguu katika mashindano ya vijana, mama mmoja amepoteza gari lake la maji. Tunapenda kusema kwamba asante ya punda ni mateke, lakini ni mara chache tunapoulizana sisi wenyewe humlipa nini kwa kazi yake.

Sheria nayo iko. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka 1962, yakataza kumpiga mnyama kikatili, kumkimbiza au kumbebesha kupita nguvu zake, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha. Haibagui mnyama wa mchezo na wa kazi. Punda wa mkokoteni analindwa na sheria ile ile inayomlinda farasi wa Ngong.

Kama watu wa kijiji au walimu wa shule wataka kufanya mbio za punda au mashindano ya kulima kwa ng'ombe siku ya sikukuu, hapana ubaya, lakini yafaa wafuate mambo haya. Afisa wa mifugo aitwe kuwatazama wanyama kabla ya kuanza, na mwenye kidonda, mimba au umri mdogo aondolewe. Njia iwe fupi, isiwe na mawe, na isiwe wakati wa jua kali. Fimbo na miiba ikatazwe kabisa. Maji yawe tayari mwisho wa njia. Zawadi isitolewe kwa aliyetangulia tu, bali na kwa aliyeleta mnyama mwenye afya kuliko wote. Na madau yasipokelewe.

Wale wapendao kupima ushujaa wao wana mfano mwingine karibu. Vijana wa Kimasai wa sehemu za Amboseli zamani walionyesha uhodari kwa kumwua simba. Tangu mwaka 2012 hukutana katika michezo iitwayo Olimpiki ya Wamasai, ambamo hushindana kutupa rungu na mkuki, kuruka juu na kukimbia. Mwanariadha mashuhuri David Rudisha amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Heshima ya shujaa imebaki, na simba amebaki.

Maonyesho ya kilimo ya Machakos nayo ni uwanja wa mashindano. Mfugaji aletaye fahali aliyenona, mwenye macho maangavu na ngozi isiyo na kupe, hushindana na wenzake mbele ya watu wote, na jioni fahali hurudi nyumbani akiwa mzima kama alivyokuja. Mwenye mnyama wa namna hiyo na aanze kumtayarisha sasa, kwa malisho mema, dawa ya kupe kwa wakati wake, na maji ya kutosha kila siku.